Kejeli na Haki ya Kujibu

Mgeni aliyejifunza Kiswahili chake vitabuni, akija kukaa Temeke au Kinondoni, jijini Dar es Salaam, aghalabu hupitisha miezi akiamini ya kuwa watu wa huku ni wapole kupita kiasi, kwa sababu kila apitapo huitwa bosi, tajiri au mheshimiwa, na kila asimuliapo jambo husikilizwa hata mwisho, kisha huambiwa "Haya, bwana," naye huondoka na furaha ya mtu aliyesadikiwa. Haimpitikii kwamba lile "bosi" alilopewa na konda wa daladala ya Mbagala Rangi Tatu lilikuja baada ya yeye kutoa noti ya shilingi 10,000 asubuhi na mapema na kuidai chenji yake kwa ukali. Wala kwamba ile "haya", iliyovutwa irabu yake ya mwisho na kushushwa taratibu, ilikuwa hukumu kamili ya kuwa maneno yake hayastahili hata kubishiwa. Tusi zito la mitaa hii halihitaji neno chafu. Huweza kutungwa kwa maneno ya adabu tupu, lahani ikaachiwa kazi iliyobaki, na aliyetukanwa akakosa hata pa kushika iwapo ataka kwenda kushitaki kwa mjumbe.

Maneno ya namna hii ni mengi, na kila moja lina kazi yake. Yapo ya kukadhibisha: asimuliaye makubwa kwenye kijiwe cha kahawa huambiwa kuwa hiyo ni chai, au kwamba anawafunga watu kamba, au kwa mkato, "Acha fiksi." Yapo ya kukanusha kabla hoja haijakamilika: "Wapi!" na "Thubutu!" Yapo ya kumwachia mtu hasara yake: "Imekula kwako," "Utajiju," "Shauri yako." Yapo ya kuizima hasira ya mwenye haki kwa kumfanya aonekane amerukwa na akili: "Mbona povu?" Na juu ya yote upo msonyo, ambao hauna herufi wala nafasi katika kamusi, lakini mwanamke wa Mwananyamala akiutoa sawasawa mbele ya duka, mwenye duka hulazimika kuyafikiri upya maisha yake yote.

Wazee wenzangu huyalalamikia mambo haya kwa njia mbili. Baadhi yao husema kuwa Kiswahili kinaharibika. Wengine husema kuwa adabu imekwisha. Malalamiko ya kwanza hayanitishi hata kidogo. Mwaka 1987 mtaalamu Rajmund Ohly alitoa kamusi ndogo ya maneno ya mitaani ya Kiswahili, na mwaka 2006 Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling wakachapisha utafiti wao juu ya lugha ya mitaani ya Tanzania, pamoja na orodha ya maneno na misemo ipatayo 1,100. Anayezipitia leo kazi hizo huona sehemu kubwa ya maneno yaliyowatisha watu zamani hizo yamekwisha kufa pasipo matanga, na yaliyosalia yamepata murua. Daladala lilikuwa jina la masihara, lililotokana na nauli ya shilingi tano, yaani dala, katika miaka ya 1980, serikali ilipokubali magari ya watu binafsi yabebe abiria. Leo ni neno la kanuni na la kamusi. Machinga lilikuwa jina la dharau kwa vijana waliotoka Kusini na bidhaa mikononi. Leo hutamkwa bungeni na katika hotuba za marais bila ya mtu kutabasamu. Lugha iliyopokea maneno kutoka Arabuni, Uajemi, Bara Hindi, Ureno na Uingereza, ikayavika sauti zake na kuyatuma kazi zake, haiwezi kuangushwa na vijana wa Tandika.

Tena kejeli za mji huu zimehifadhi habari ambazo ripoti za serikali hazikuzihifadhi. Katika miaka ya 1960, vyeo vilivyoachwa na Wazungu vilipokuwa vikishikwa na Waafrika wachache waliosoma, makabwela waliobaki pale pale walipokuwa waliwaita wakubwa hao wapya manaizi, na wale walioanza kupita ndani ya magari ya Mercedes-Benz wakaitwa wabenzi, kana kwamba ni kabila jipya lililohamia nchini. Nguo kuukuu zilizoletwa kutoka ng'ambo ziliitwa kafa Ulaya. Mabasi marefu ya Ikarus, yaliyosomba watu kwa halaiki, yaliitwa kumbakumba. Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyetawala toka 1985 hadi 1995 na kuruhusu mengi yaliyokuwa yamekatazwa, aliitwa Mzee Ruksa. Zamani za mrithi wake, Benjamin Mkapa, kukosa pesa kuliitwa ukapa. Na baada ya John Magufuli kushika madaraka mwaka 2015, watu waliokauka mifuko walisema kuwa vyuma vimekaza. Mwanahistoria atakayekosa takwimu za bei ya unga huko Manzese ataweza kuijua hali ya chungu kwa kuyafuata majina haya tu, awamu baada ya awamu.

Lakini tazama jambo moja katika majina hayo. Aliyesema kafa Ulaya alikuwa ameivaa nguo hiyo hiyo mwilini. Aliyesema kumbakumba alikuwa amebanwa humo, kichwa chini ya kwapa la mwenziwe. Aliyesema vyuma vimekaza alikuwa anatafuta nauli ya kurudi Yombo. Msemaji alikuwa ndani ya kejeli yake, akila sehemu yake ya aibu pamoja na wenzake, na kwa sababu hiyo kicheko chake hakikumwacha mtu nje. Hapa ndipo yanapoanza malalamiko ya pili ya wazee, yale ya adabu, ambayo mimi nayaona kuwa mazito na yenye kustahili jibu la insafu. Jibu langu ni hili: ukali wa kejeli hautuambii kama ni halali au haramu. Kinachotuambia ni haki ya kujibu anayoachiwa yule aliyekejeliwa.

Mababu walilijua hilo, wakaliwekea kanuni, wakaiita utani. Wazaramo, wenyeji wa pwani hii, na Wanyamwezi, walioizoea njia ya pwani tangu zamani za misafara, ni watani. Na mtani ana ruhusa ambayo ndugu wa damu hana. Huweza kuingia msibani akamwiga marehemu alivyokuwa akitembea, akadai deni ambalo halikuwapo, akalala kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chochote, na wafiwa, machozi yakiwa bado mashavuni, wakalazimika kucheka. Asiyeujua utani huona ukatili mtupu. Anayeujua hutambua kwamba mtu yule yule anayefanya istihizai ndiye anayeshika jembe, ndiye anayeteka maji, ndiye anayehakikisha kuwa wafiwa wamekula. Na zaidi ya hayo, hutambua kwamba siku msiba utakapohamia kwake, wale aliowacheka watakuja na dhihaka zao, naye hatakuwa na ruhusa ya kununa. Mtani hutukana akiwa amekwisha kukubali kutukanwa.

Mjini utani umepata uwanja mwingine, na uwanja huo, kwa bahati njema ya hoja yangu, uko Temeke. Klabu ya mpira ya Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na ya Simba mwaka 1936, na tangu hapo watu wa mji huu wamegawanyika nusu kwa nusu, mume na mke, baba na mwana, fundi na saidia fundi wake. Jioni ya mechi yao katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007 na wenye kuchukua watu wapatao 60,000, maneno yanayosikika kuanzia Keko hadi Tandika yangetosha, lau yangesemwa katika shughuli nyingine, kujaza mahakama zote za mwanzo za wilaya. Watu wa Yanga huitwa Utopolo, wa Simba huitwa Makolo. Simba ilipoifunga Yanga mabao 5-0 tarehe 6 Mei 2012, watu wa Yanga walikula kejeli hiyo kwa miaka kumi na moja, wakiongezewa na ile ya mabao 6-0 ya mwaka 1977, ambayo wachekaji wengi hawakuwa hata wamezaliwa ilipotokea. Ndipo tarehe 5 Novemba 2023 Yanga ikashinda 5-1, na Jumatatu yake hapakuwa na kituo cha daladala ambapo shabiki wa Simba aliweza kusimama bila ya kuonyeshwa vidole vitano na kuulizwa, kwa upole wa kutisha, kama amelala salama. Hakuna aliyekwenda kushitaki. Ratiba ya ligi ndiyo dhamana ya haki: anayecheka leo anajua tarehe ambayo huenda akachekwa.

Fasihi ya pwani nayo imesimama juu ya sharti hilo hilo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika mwanzo wa karne ya 19, alirushiana tungo za vita na malenga wa Lamu, na kila shairi la kebehi lilitungwa likitazamia shairi la kulijibu, kwa bahari ile ile na kwa ustadi usiopungua. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, katika ukoo wa kimaskini, alichekwa na wapinzani wake kwa wimbo uliomsuta umbo lake na asili yake. Naye hakwenda kulia kwa wakubwa, bali alijibu kwa wimbo, na jibu lake ndilo linalokumbukwa, ilhali waliomcheka hawatajwi ila kwa sababu yake. Katika miaka ya 1990 ushindani wa vikundi vya taarabu vya Tanzania One Theatre na Muungano, Khadija Kopa upande huu na Nasma Khamis upande ule, uliigeuza mipasho kuwa shughuli ya mji mzima: mwanamke aliyekuwa na ugomvi na jirani yake wa Magomeni hakuhitaji kufungua kinywa, alingoja ubeti uliomhusu, akainuka na noti yake, akaenda kumtunza mwimbaji kwa mwendo wa madaha huku akimwelekezea jirani macho, na jirani, naye akiwa ameketi na noti zake, alingoja ubeti wa pili. Hata kanga husemeshana hivyo: aliyejifunga "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake" anajua wazi kuwa duka lililomwuzia limejaa majibu. Ng'ambo ya bahari, Wamarekani Weusi wanao mchezo wa kutukaniana wazazi kwa zamu mbele ya hadhira, ambamo hushindwa yule anayekasirika. Na sina shaka kuwa mtani wa Kizaramo angeketi kati yao na kuuelewa mara moja.

Sasa tuigeuze shilingi upande wa pili. Kejeli ikitoka juu kwenda chini, sharti la kujibizana huvunjika, hata kama maneno yenyewe ni laini kuliko ya uwanjani. Aprili 2008, Andrew Chenge, aliyekuwa Waziri wa Miundombinu, alipoulizwa juu ya zaidi ya dola milioni moja za Marekani zilizoripotiwa kuwa katika akaunti yake kisiwani Jersey, aliziita vijisenti, kisha mwezi huo huo akajiuzulu uwaziri. Tuhuma zenyewe si maudhui ya makala haya. Kinachonishughulisha ni kwamba neno lile dogo, lisilo na tusi ndani yake, liliwachoma watu kuliko matusi, kwa sababu halikuidunisha fedha, liliidunisha haki yao ya kuuliza. Watu walijibu kwa njia waliyokuwa nayo: wakalitwaa neno, wakamvika mwenyewe liwe lakabu yake, na mpaka leo mtu wa Buguruni akiulizwa kiasi alicholipwa kwa kibarua cha siku nzima atakwambia, "Vijisenti tu." Vivyo hivyo, Agosti 2015, katika uzinduzi wa kampeni za CCM viwanjani Jangwani, Rais mstaafu Mkapa aliwaita wapumbavu na malofa wale waliokuwa wakidai kwenda kuikomboa nchi. Neno lofa husemwa kila siku vijiweni, na wenye vijiwe hulipokea na kulirudisha kabla kahawa haijapoa. Lakini likitamkwa katika jukwaa la wenye nchi, na mwenye kuambiwa akiwa hana jukwaa la kimo hicho, hubadilika tabia yake, likawa amri ya kunyamaza.

Kejeli ya kwenda juu nayo haifanyi kazi siku zote. Lipo neno chawa, ambalo mtaani ni jina la mtu anayeng'ang'ania vazi la mkubwa na kuishi kwa kumsifu. Lilipoanza kuvuma lilikuwa na makali, kwa vile lilidhania kuwa anayeitwa hivyo ataona haya. Lakini wametokea watu wasioona haya, waliojitangaza wenyewe kuwa ni chawa wa fulani, na kwa utambulisho huo wakapanda majukwaani na kupigiwa makofi. Mwenye kukejeli na mwenye kukejeliwa wasipokuwa na aibu moja, kejeli haina pa kushika, na pengine hapo hekima ni kuacha mafumbo na kusema kwa lugha ya wazi kwamba kusifu kwa malipo ni kazi duni.

Kinachonitia hofu zaidi, hata hivyo, hakiko majukwaani. Kiko katika majibu tunayompa mtu mwenye dhiki. Desturi ya Mswahili, bara na pwani, ilikuwa kumwambia mwenye kupatwa na jambo, "Pole," hata kama hana msaada wa kumpa, maana pole ilikuwa kukiri kwamba shida yake imesikika. Miaka ya karibuni zimezuka jamala za namna nyingine. Kijana wa Kigogo aliyemaliza chuo, akazunguka na bahasha yake hadi visigino vya viatu vikaisha, akisema hana kazi huambiwa, "Jiongeze." Mama aliyebomolewa kibanda chake cha mama lishe huambiwa, "Kajipange." Mgonjwa, mdaiwa, mpangaji aliyetolewa vyombo nje, wote hawa hupewa fatiha moja: "Pambana na hali yako." Maneno haya huchekesha, sikatai, na yalipoanza yalikuwa utani mzuri baina ya marafiki, kwa maana aliyeyasema kwa mkono mmoja alikuwa akiingiza wa pili mfukoni atoe alichonacho. Bado wapo wanaofanya hivyo, na kwao neno ni lile lile la watani: ulimi unakataa, mkono unatoa. Lakini yakisemwa na mtu ambaye papo hapo ameshageuka kwenda zake, hayo ni mlango uliofungwa usoni mwa mbisha hodi, na kicheko ni komeo tu. Humwambia mwenye dhiki kuwa dhiki yake ni uzembe wake, na humwambia hivyo kwa namna ambayo akijibu ataonekana hajui mzaha, na akikasirika ataulizwa habari za povu.

Naona msomaji wangu, hasa akiwa mwanamke, ananiuliza: je, hakuna wakati ambapo mtu ana haki ya kukata maneno na kuondoka? Upo, na ni wakati mwingi. Binti anayengoja gari Temeke Mwisho, akasogelewa na mtu mzima mwenye kumtaka jina na namba ya simu, akimtupia "Thubutu!" na msonyo juu yake, halafu akapanda gari lake, hajamdhulumu mtu, amejilinda kwa silaha pekee aliyokuwa nayo, na hana deni la kungoja jibu. Mwuza mitumba wa Karume anayemwambia mteja mwenye kudunisha bei, "Haya, tajiri," ametetea jasho lake bila ya kupigana. Kwa hiyo kanuni yangu nairekebisha kwa kuipima na uwezo: mnyonge ana ruhusa ya kuyafunga mazungumzo, kwa sababu kuyafunga ndiyo hifadhi yake, mwenye nguvu hana ruhusa hiyo, kwa sababu yeye akiyafunga, hakuna mwingine wa kuyafungua. Karani aliye nyuma ya dirisha, mwalimu mbele ya darasa, daktari, askari, mwenye nyumba, mbunge, na mwandishi wa gazeti pia, wote hao wanapomwita raia "mheshimiwa" kwa lahani ile tuijuayo, hutumia chombo cha wanyonge kuwapigia wanyonge, na hicho ndicho kitendo kinachostahili kuitwa utovu wa adabu.

Ikiwa hayo ni kweli, basi juhudi za kuwakataza watoto wetu lugha ya mitaani zimeelekezwa pasipo pake. Mzazi wa Sinza anayemchapa mwanawe kwa kusema "fiksi", kisha jioni hiyo hiyo akamwambia mtumishi wake wa nyumbani, aliyeomba ruhusa ya kwenda kumwuguza mama yake, "Pambana na hali yako," amemfundisha mtoto somo moja kwa fimbo na jingine kwa mfano, na la mfano ndilo litakalokaa. Ningependa badala yake watoto wafundishwe kujibizana: wafundishwe utani na mipaka yake, washindanishwe kwa mafumbo na majibu shuleni kama walivyoshindanishwa malenga, wajue kwamba neno la kukejeli ni deni, na kwamba mwenye kulitoa hubaki barazani mpaka alipwe. Na wakubwa, ambao hawafundishiki kwa urahisi, tuwafanyie lile walilofanyiwa wenye vijisenti: kila neno la kutupuuza wanaloliangusha kutoka juu tuliokote, tulipake rangi, tuliwarudishie likiwa jina lao, na tulitamke kila siku mpaka walizoee.

Mji huu haujapata kukosa jibu. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kuwa kila anayelistahili anapewa nafasi ya kulitoa, na kwamba wenye nguvu wameketi chini kulisikiliza.